Kabla hujanunua tairi, uliza matope ya Keringet

Mzee alizima trekta, akashuka, akaizunguka pikapu yetu mara moja bila kusema kitu. Kisha akainama kwenye gurudumu la nyuma, akapangusa tope kwa kidole gumba, akacheka.

"Vijana, hili tairi ni la kwenda kanisani. Huku shambani mmelileta kufanya nini?"

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, kilomita 6 kutoka kwenye lami, ndani ndani ya Keringet. Mgongoni tulikuwa na magunia 20 ya viazi. Mvua ilikuwa imeanza saa nane na haikuwa na mpango wa kuisha. Simu ya binamu yangu ilikuwa inaita kila dakika tano na jina lilikuwa lilelile: mnunuzi wa Nakuru, yule aliyesema anataka mzigo kabla ya saa moja.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba matairi yalikuwa mapya kabisa. Wiki mbili tu kabla ya hapo, binamu alikuwa ameingia mjini, akalipa pesa nzuri, akatoka na matairi manne yanayong'aa hadi unaweza kujiona. Mimi mwenyewe nilimpiga picha akiwa ameegemea gari. Picha ilipata likes si haba. Sasa matairi hayohayo yalikuwa yanazunguka pale kwenye tope kama mtu anayecheza densi peke yake.

Mzee alitaka 3,000. Nani angebishana? Tulifika Nakuru saa tatu usiku na mnunuzi alikuwa ameshapata viazi vya mtu mwingine. Asubuhi tukauza kwa bei ya kubembeleza. Na pikapu yenyewe iko kwenye mkopo wa Sacco, na Sacco haijawahi kuelewa lugha ya "tulikwama".

Tangu siku hiyo nimekuwa yule jamaa wa ajabu anayeinama kwenye maegesho kusoma matairi ya watu. Nimeuliza mafundi wa pancha, madereva wa maziwa, wauzaji. Nimejifunza kwamba wengi wetu tunanunua tairi kwa macho, ilhali kila kitu unachohitaji kujua kimeandikwa kwenye ubavu wake. Kwa hivyo kama uko karibu kubadilisha matairi ya pikapu au ya hiyo gari yako ya juu, kaa hapa dakika kumi. Zitakuokolea zaidi ya 3,000.

Keringet, zaidi ya chupa ya maji

Watu wengi mjini wanalijua jina Keringet kwa sababu ya maji ya chupa. Mahali penyewe ni Kuresoi Kusini, kaunti ya Nakuru, upande wa msitu wa Mau, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ni baridi, chai, viazi, maziwa na mvua. Ni huko pia alikolelewa Faith Kipyegon, mwanadada aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mara tatu mfululizo: Rio, Tokyo na Paris.

Kipyegon alipoanza kujulikana kwenye mbio za nyika akiwa bado msichana, alikimbia pekupeku. Ukitembea kwenye njia za huko wakati wa mvua utaona mantiki yake. Vidole vya miguu vinachimba tope na kushika. Kiatu chenye soli laini kinateleza tu. Shika hiyo picha kichwani, kwa sababu siri yote ya matairi iko hapo.

Sio ati hakuna lami. Ukitoka Nakuru unapita Njoro, Elburgon, Molo, kisha unashika barabara ya Keringet hadi Olenguruone, na ni safari nzuri tu. Shida inaanza unapoiacha barabara kubwa na kuingia mashambani. Udongo wa huko ni wa volkano, laini na wenye rutuba. Udongo uleule unaonenepesha viazi ndio unaomeza magurudumu. Mvua kubwa huanza Machi, na hata baada ya Mei huku juu bado kunanyesha, Julai na Agosti zikiwemo. Na viazi havingoji jua: vikichimbwa lazima vitoke. Maziwa ndiyo kabisa. Yasipofika kwenye mtambo wa kupozea kwa wakati, yanageuka hasara ndani ya mtungi.

Koo tatu za matairi

Kwa magari ya aina ya pikapu na SUV, matairi mengi dukani yako katika koo tatu, na mara nyingi utaona herufi zake zimeandikwa ubavuni.

Kuna H/T, tairi la barabara kuu. Meno yake yamekaribiana, mifereji ni myembamba, na limejaa vikato vidogo vidogo vya kukamata lami yenye maji. Ni kimya, ni jepesi, halinywi mafuta sana, na linafunga breki vizuri kwenye lami iliyolowa. Matairi mengi yanayouzwa kama ya "misimu yote" kwa magari haya yako katika ukoo huu au karibu nao. Hilo ndilo lililokuwa kwenye pikapu yetu.

Kuna M/T, tairi la matope. Meno ni makubwa kama matofali na nafasi kati yake ni pana. Kwenye tope zito ni mfalme. Kwenye lami linanguruma kama ndege, linaisha haraka, linaongeza kiu ya mafuta, na mvua ikinyesha linahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama.

Katikati kuna A/T, tairi la kila njia. Meno yake ni makubwa kuliko ya H/T, mifereji ni mipana zaidi, mabega yamechongwa ili yashike kingo za njia, na mara nyingi ubavu ni mgumu zaidi dhidi ya mawe. Linapiga kelele kidogo na linakula mafuta kidogo. Ni kama rafiki anayejua kucheza mpira na pia kupika: si bingwa wa chochote, lakini hakuaibishi.

Kwa nini H/T lilitushinda? Tope lilijaza ile mifereji myembamba katika mizunguko michache ya kwanza, na likakaa humo. Kuanzia hapo hukuwa na tairi lenye meno tena, ulikuwa na duara laini la udongo. Tairi lenye nafasi pana linatupa tope nje kila linapozunguka, kisha linapata kitu kipya cha kushika. Ni vidole vya miguu dhidi ya soli laini, basi.

"Misimu yote" ya nani?

Hapa ndipo wengi tunaingizwa mkenge. Muuzaji anakwambia, "Bosi, hii ni ya misimu yote," nawe kichwani unasikia: kiangazi na masika, vumbi na matope. Lakini hilo jina lilitoka nchi zenye theluji. Maana yake ni kwamba tairi linaweza kutumika kiangazi na pia wakati wa baridi ya kiasi, ili mtu wa Marekani asilazimike kubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka. Misimu inayozungumziwa si ya Keringet.

Ni vivyo hivyo na zile herufi M+S. Ni kweli zinasimamia matope na theluji. Lakini alama hiyo inatolewa kwa kuangalia umbo la meno na mifereji. Haimaanishi kuna mtu aliyelipeleka hilo tairi kwenye shamba la viazi kulijaribu. Ile picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndiyo ina mtihani nyuma yake, ila ni mtihani wa theluji. Tope la Kuresoi halijui hiyo picha.

Na kuna kisa kingine cha theluji ambacho kiko barabarani kwetu sasa hivi. Magari mengi ya mtumba tunayonunua yanatoka Japan, na baadhi yanafika Mombasa yakiwa yamevaa matairi ya majira ya baridi. Rafiki yangu alinunua Forester akasifu matairi yake: "Cheki vile yana meno mengi!" Tuliposoma ubavu tukapata neno studless. Hilo ni tairi la barafu. Mpira wake ni laini makusudi ili usigande kwenye baridi kali. Kwenye lami yenye joto linaisha kama kifutio, na breki inakuwa na ulegevu fulani. Ukiona studless, au majina kama Blizzak, iceGuard au Winter Maxx, jua hayo si matairi yetu. Anza kuweka akiba ya kuyabadilisha.

Maswali mawili ya kujiuliza

Baada ya ile aibu, mimi na binamu tulirudi mjini. Duka la kwanza, jamaa hata hakutuuliza tunaenda wapi. Alitupeleka moja kwa moja kwa M/T kubwa kuliko zote. "Hii ndiyo ya wanaume." Bei ilikuwa ya wanaume pia.

Tuliondoka tukaketi na kalamu.

Swali la kwanza: unaendesha wapi kweli? Sio pale unapopigia picha. Safari ya binamu ni kilomita 6 za udongo kuingia na 6 kutoka, kisha kilomita sabini na kitu za lami hadi Nakuru, na zingine kama hizo kurudi. Ukipiga hesabu, kwa kila kilomita 100 anazoendesha, chini ya 10 ni za udongo. Kwa swali hilo peke yake, H/T ndilo jibu, na M/T ni wendawazimu: angelipia kelele na mafuta kwa kilomita zaidi ya 90 ili afurahie chini ya 10.

Lakini kuna swali la pili, na hili ndilo tulikuwa tumelisahau: ukikwama, unapoteza nini?

Mtu wa Nairobi anayeenda ushago mara moja kila miezi miwili akikwama, anapoteza viatu na heshima mbele ya wakwe. Analipa trekta, wanacheka, maisha yanaendelea. Huyo, H/T zuri lenye meno marefu bado ni chaguo la busara, kwa sababu kitu kinachoweza kumuua si tope la ushago. Ni lami iliyolowa akiwa kwenye kasi ya 90, mteremko wa Salgaa, lori mbele yake.

Binamu akikwama anapoteza mnunuzi. Na katika msimu wa mvua angekwama hata mara mbili kwa wiki. Kila gunia analobeba lazima lipite kwenye zile kilomita 6. Ni chache kwenye dashibodi, lakini mapato yote yanaanzia hapo. Tuseme kukwama mara moja ni 3,000 za trekta na 4,000 za bei iliyoanguka. Mara tano, ni 35,000. Ghafla tofauti ya bei kati ya H/T na A/T inaonekana ndogo.

Kwa hivyo jibu lake lilikuwa A/T. Kwa dereva wa maziwa anayelala na kuamka kwenye udongo na kuiona lami Jumapili pekee, jibu linaweza kuwa M/T. Wengine wenye malori huko juu wanafunga minyororo kwenye magurudumu ya nyuma siku zikiwa mbaya, na hawaoni aibu. Hakuna tairi bora la Kenya nzima. Kuna tairi la njia yako na hasara yako.

Soma ubavu kama unavyosoma mkataba

Sasa tuje kwa namba, maana hapa ndipo pesa za vijana zinapotea.

Chukua tairi lililoandikwa 265/65R17 112S. Namba 265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya huo upana. R ni muundo wa radiali, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Hadi hapo wengi wanajua. Zile mbili za mwisho ndizo watu wanaruka.

112 ni namba ya uzito. Si kilo 112, ni namba ya jedwali. 112 inamaanisha kilo 1,120 kwa tairi moja. 100 ni kilo 800. 104 ni 900. 108 ni 1,000. S ni kasi ya juu, kilomita 180 kwa saa. Q ni 160, T ni 190, H ni 210. Kasi si shida yetu huku. Uzito ndio shida.

Hebu tupige hesabu ya viazi. Kisheria gunia la viazi linafaa kuwa la kilo 50. Magunia 20 ni tani moja. Pikapu ya milango minne yenyewe ina uzito wa karibu tani mbili. Mzigo ukiwa nyuma, tuseme ekseli ya nyuma inabeba kilo 1,800. Hiyo ni kilo 900 kwa kila tairi, kabla hujagonga shimo na kabla hujampakia jamaa aliyeomba lifti juu ya magunia. Ukiwa umevaa tairi la namba 100, tayari umelipita kwa kilo 100. Linaweza kuonekana zima mwezi mmoja, mbili, likichemka ndani, kisha siku moja linapasuka ukiteremka Elburgon. Watu watasema ni bahati mbaya. Hapana, ni hesabu.

Ukibeba mizigo kila siku, angalia pia herufi LT mwanzoni mwa saizi au namba mbili za uzito kama 121/118. Hayo ni matairi ya malori mepesi, yana tabaka ngumu zaidi. 121 ni kilo 1,450. Ile namba ya pili ni ya magurudumu pacha. Ubaya wake ni kwamba yanahitaji upepo mwingi zaidi ili yabebe huo uzito, na gari likiwa tupu utaruka kama uko juu ya punda. Kama kazi yako ni kubeba watu na mboga, huyahitaji.

Na saizi? Usiongeze kwa ajili ya sura. Ukitoka 265/65R17 hadi 265/70R17, tairi linakuwa kubwa kwa zaidi ya asilimia 3. Dashibodi ikisema 80, kwa kweli uko karibu 83. Tairi linaweza kuanza kusugua ndani ya fenda ukikata kona, na breki inapata kazi zaidi. Saizi sahihi imeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Hapo pia kuna kipimo cha upepo.

Wenye Forester, RAV4 na ndugu zao, hii ni yenu: gari linalosukuma magurudumu yote manne halitaki matairi ya vimo tofauti. Mawili mapya na mawili kipara yanafanya gia za kugawa nguvu zipigane saa zote, na kuzitengeneza ni ghali kuliko matairi yenyewe. Nunua manne ya aina moja. Ukishindwa kabisa kwenye gari la kawaida ukanunua mawili tu, yaweke nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Gari likiteleza mbele bado unaweza kulirudisha. Likiteleza nyuma, linakugeuza.

Mwaka wa kuzaliwa

Kizazi cha wazazi wetu kilijua Yana, tairi lililotengenezwa Nairobi. Kiwanda hicho kilifunga uzalishaji mwaka wa 2016. Siku hizi tairi jipya unalouziwa huenda limevuka bahari, likakaa bandarini, likakaa bohari, likakaa dukani likiangaliwa na jua. "Jipya" maana yake ni kwamba halijavaliwa. Haimaanishi limezaliwa juzi.

Tafuta neno DOT ubavuni na tarakimu 4 za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Kama hazionekani upande mmoja, angalia upande wa pili. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 na lisipite miaka 10 hata kama meno bado yapo. Ukipewa bei tamu, angalia kwanza hizo tarakimu. Mara nyingi utamu unatoka hapo.

Matairi ya mtumba nayo? Sitakudanganya, wengi wetu tumeyavaa. Kama ni lazima, soma mwaka, pitisha mkono ndani utafute viraka na uvimbe, kunja ubavu kidogo uone nyufa. Kisha angalia vile vijiwe vidogo vya mpira chini ya mifereji. Meno yakifika usawa navyo, yamebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Kwa matope, limekwisha zamani: A/T jipya huwa na meno ya milimita 10 au zaidi, na likishuka hadi 4 au 5 linaanza kuwa la kanisani.

Kitu ambacho sitakuambia uwe na busara nacho, kwa sababu hakuna busara ndani yake, ni tairi kipara lililochongwa upya kwa kisu cha moto. Unaliona limeng'arishwa, meno yanaonekana. Lakini hakuna mpira ulioongezwa. Kisu kimechimba ule mpira mdogo uliokuwa umebaki kufunika nyaya. Usilivae. Na usimvalishe mamako anayesafiri kwa hiyo gari.

Tairi nalo lina mipaka

A/T haligeuzi gari kuwa mbuzi. Ukiingia njia mbaya, weka nguvu za magurudumu manne kabla hujazama. Kanyaga mafuta polepole. Magurudumu yakianza kuzunguka bure, acha, kwa sababu kila mzunguko ni kaburi lako unalichimba. Gari likiwa tupu, kushusha upepo kutoka 35 hadi kama 22 kunasaidia tairi litandaze na lishike. Lakini usifanye hivyo ukiwa na tani moja mgongoni, na usirudi kwenye lami bila kuujaza tena. Beba pampu ndogo. Upepo pima asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa sababu asubuhi ya Keringet na mchana wa Nakuru vinakupa vipimo viwili tofauti.

Na magurudumu manne yanakusaidia kwenda, hayakusaidii kusimama. Kwenye lami yenye maji, kinachokusimamisha ni mpira na kasi yako. Ukishavaa A/T, ongeza nafasi kati yako na gari la mbele. Badilishana matairi ya mbele na ya nyuma kila kilomita 10,000 hivi ili yaishe sawasawa.

Yale matairi ya kanisani

Binamu hakuwa na pesa za kununua matairi manne mengine. Nani ana pesa hizo mara mbili kwa mwezi mmoja? Ila yale ya kwanza hayakuwa mabovu. Hata kidogo. Yalikuwa matairi mazuri yaliyopelekwa mahali si pake. Alipata dereva mmoja wa Nakuru mwenye pikapu ya saizi hiyohiyo, anayesambaza vitu madukani mjini na haachi lami. Jamaa akayachukua kwa hasara ya kiasi kwetu, tukaongeza, tukavaa A/T, saizi ileile ya mlangoni, namba 112, yaliyotengenezwa mwaka uliotangulia. Wakati wa kulipa, binamu hakutaka kupigwa picha.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha tena, na tulipita pale pale. Gari liliyumba kidogo, likatafuta, likashika. Mzee wa trekta alikuwa amesimama langoni kwake. Binamu alisimamisha gari kumsalimu.

"Chamgei, mzee."

"Chamgei. Leo hamniletei kazi?"

"Leo hapana, mzee."

Aliinama akaangalia gurudumu, akatikisa kichwa kama mwalimu aliyeona mwanafunzi amerudia mtihani.

"Sasa hili ni gumboot," akasema. "Endeni, viazi vinangojwa."